Vijipengo Kwenye Karata za Mvua

Shangazi wetu wa ukurasa huu, shikamoo. Naomba uniazime sikio, na nakusihi usicheke mpaka ufike mwisho, maana najua barua unazopokea ni za waume waliohama nyumbani na wachumba walioyeyuka, na yangu mimi ni ya karata. Ndiyo, karata. Si kamari, hakuna hata senti inayowekwa mezani, ni mchezo wetu wa familia wa kila Jumamosi asubuhi, lakini ndio ulioninyima raha wiki hii, na Jumamosi yenyewe inakuja mbio kama imetumwa.

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule, nina chumba changu cha kazi chenye mashine mbili na meza ya kukatia. Mume wangu ni fundi wa majokofu, mpole, hana neno na mtu. Mdogo wake, yaani shemeji yangu, ni kinyozi, na mdomo wake huyo hata ukiutia kufuli utaongea kupitia tundu la ufunguo. Halafu yuko mama yao, mama mkwe wangu, ambaye kabla hajastaafu alikuwa karani wa masjala kwa miaka ishirini na saba, maisha yake yote ni mafaili, hata jikoni kwake makopo ya viungo yamepangwa kwa herufi na ole wako urudishe pilipili mahali pa chumvi.

Nimeolewa mwaka wa nne sasa. Miaka miwili ya kwanza mimi na mama tulikuwa na "shikamoo mama" na "marahaba", basi, hapo ndipo mazungumzo yalipoanzia na ndipo yalipoishia. Hakunichukia, niseme ukweli wa Mungu, hakuwahi kunitolea neno baya, ila hakuwa na la kuniambia na mimi sikuwa na la kumwambia, tukiachwa wawili sebuleni tunakaa kama watu waliokutana kwenye foleni ya daktari wa meno, yeye anatazama saa, mimi natazama mlango.

Kisha shemeji akaja na ule mchezo, aliachiwa na mteja wake aliyekuwa anahama. Nikueleze kidogo, maana bila hilo hutanielewa. Kila mchezaji anaanza na karata kumi zilezile, dhaifu, saba za jembe na tatu za magugu. Unavuta tano, na majembe uliyopata ndiyo nguvu yako ya kuchukua karata bora zilizopangwa katikati ya meza, mfereji, ng'ombe, ghala, bustani, na kila unachochukua kinaingia kwenye rundo lako, na rundo likiisha linachangwa upya unaanza tena kuvuta tano tano, kwa hiyo kila mtu anajijengea rundo lake, shamba lake mwenyewe, na mwisho wa mchezo mwenye mavuno mengi ndiye mshindi. Karata zimeandikwa kwa lugha ya wenyewe, majina tumezipa sisi, na mchezo wenyewe tunauita Shamba. Shangazi, utamu wake siwezi kukueleza ukaisha. Unaanza na magugu matupu, unakereka, unavuta tena magugu, halafu zamu ya saba au ya nane unafungua mkono unakuta mfereji, ghala na ng'ombe wawili, unasikia raha mpaka kwenye nyayo.

Lakini mwanzoni mimi raha hiyo nilikuwa naisikia kwa jirani. Nilipigwa kila Jumamosi. Shemeji akawa ananiambia, "Shemeji, wewe unalima magugu kwa mkataba!" na mume wangu anacheka, na mama anapanga karata zake. Siku moja nikazibwaga mezani nikasema mimi nina vyombo vya kuosha, nikaenda jikoni, nikaosha vyombo ambavyo vingine vilikuwa safi, nikakaa hukohuko mpaka wakamaliza. Jumamosi mbili zilizofuata nikasingizia kazi. Najua ni utoto, usinichape kwa hilo.

Wiki ya tatu, ilikuwa Jumatatu, nikainua kichwa kwenye cherehani nikamwona mama mkwe mlangoni pa chumba changu cha kazi. Hakuwahi kufika pale hata siku moja. Akaketi kwenye kigoda cha wateja, akatazama kuta, akatazama vitambaa, akasema, "Watu watatu hawachezi vizuri." Halafu akachukua suruali iliyokuwa inasubiri kufumuliwa upindo, akauliza wembe uko wapi, akaanza kufumua. Tangu siku hiyo Shangazi, kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa mama huja asubuhi, anafumua, anakata nyuzi, anabandika vifungo, na tunaongea. Yaani tunaongea! Amenisimulia mabosi wake wote, yupi alipoteza faili akamsingizia yeye, yupi alilia ofisini. Mimi nikamfundisha kazi yangu. Nikamwonyesha kwamba ukikata kitambaa unaweka kijipengo kidogo pembeni kwa mkasi, ili wakati wa kushona ujue kipande hiki kinakutana wapi na kile, na yeye akafurahi kama mtoto, akasema hata masjala wangekuwa na kitu kama hicho wasingepoteza mafaili.

Nikarudi mezani. Wiki niliyorudi mume wangu alikuwa amepata pakiti ya nyongeza, maana mchezo huu una pakiti za ziada unazochanganya na karata za mwanzo, na nyongeza hiyo ilileta karata kumi za Mvua. Mvua ni kitu kingine. Ukiwa nayo mkononi unavuta karata tatu zaidi, na ukiivuta mapema shamba zima linachanua. Tangu hapo mchezo ukanoga, ukapata na sheria za nyumbani ambazo hazimo kwenye kijitabu. Anayefikiri mpaka birika likachemka, zamu yake imepita. Ukila bisi huruhusiwi kugusa karata mpaka upanguse mikono kwa kitambaa chenye mistari, si kingine. Mshindi ndiye anayepanga karata zote kwenye kopo la biskuti mchezo ukiisha, kwa sababu aliyeshindwa ana huzuni zake tayari. Na hakuna kuchanga karata zako mwenyewe, anayekaa kushoto kwako ndiye anayekuchangia. Hii ya mwisho aliitunga mama mwenyewe wiki ileile niliyorudi, alisema mikono ya kinyozi ni myepesi mno haiaminiki, tukacheka, shemeji akanuna, sheria ikapita. Na wiki hiyohiyo mama akahama kiti, akaacha kukaa karibu na mwanawe mkubwa akaja kukaa kushoto kwangu, alisema kwa ajili ya mwanga wa dirisha.

Mimi nikaanza kuushika mchezo. Sisemi kwa kujisifu, mtu akizoea kitu anakizoea, na kichwa changu kumbe hakikuwa kibovu kama nilivyodhani. Katika Jumamosi nne nashinda tatu. Shemeji siku hizi ananiita Bibi Shamba, na ananiita kwa kunung'unika, ndiyo maana napenda zaidi. Karata nazipanga mimi karibu kila wiki. Nyongeza nazo zimekuja mbili zaidi, ya wadudu na ya majirani, karata zimepita mia tatu, kopo la biskuti limeshindwa, mipira tuliyokuwa tunafungia marundo mama ameipiga marufuku, anasema mpira unakula karatasi na yeye anajua. Kwa hiyo mume wangu akaagiza kisanduku kwa seremala, kizuri Shangazi, kina vyumba kumi na viwili, mfuniko unateleza bila kukwama, na mama akatengeneza vitenganishi vya kadi ngumu akaviandika kwa ule mwandiko wake wa masjala. Tukapata na vifuko vya plastiki vya kuvalisha kila karata ili zisichakae. Nikapewa mimi kazi ya kuzivalisha, ziwe tayari Jumamosi.

Ndipo balaa likaanza. Jumanne nilikuwa peke yangu kazini, nikaweka karata kwenye meza ya kukatia, mwanga mzuri, nikawa navalisha huku naimba. Nilipofika kwenye Mvua, kidole kikagusa kitu. Nikatazama. Pembeni, upande mrefu, karibu na kona, kuna kijipengo. Kidogo mno, asiye fundi hawezi kukiona. Nikachukua ya pili, kipo, mahali palepale. Ya tatu, kipo. Zote kumi. Nikapekua karata nyingine zote zaidi ya mia tatu, hakuna hata moja yenye alama. Na kijipengo chenyewe kimelala upande, na mkasi unaokata ukilalia upande naujua, ni mkasi wangu mdogo wa nyuzi uliopinda ncha, na mtu mmoja tu aliwahi kuniomba mkasi ule akaenda nao nyumbani, akaurudisha Jumatatu yake. Mama.

Shangazi, nilikaa chini. Nikakumbuka mambo niliyokuwa nayaona bila kuyatazama, jinsi mama akichanga hupitisha kidole gumba pembeni mwa rundo, taratibu, huku macho yako dirishani kana kwamba anaangalia nguo zilizoanikwa. Mama huyuhuyu aliyemkemea shemeji siku nzima kwa kuchungulia karata moja! Mama ambaye akirudishiwa chenji imezidi hurudi dukani kwa miguu! Na kinachonichanganya zaidi, hata kushinda hashindi, labda mara moja katika Jumamosi kumi, sasa mtu anaiba ili iweje?

Na si hilo tu. Jumamosi iliyopita nilipomaliza kushinda, shemeji alisema kwa utani lakini macho hayakuwa ya utani, "Hizi Mvua za nyumba hii zinanyesha kwa ratiba. Za mwizi arobaini. Jumamosi ijayo tutazikagua." Mama akasema aende akafagie nywele za watu.

Sasa nifanyeje? Nikizivalisha kimyakimya, alama haitasikika tena, mama atajua kwamba nimejua, ataona aibu, na mama akiona aibu hufunga mdomo, namfahamu. Nikimwambia mume wangu, atamuuliza mama yake moja kwa moja, hana njia nyingine. Nikitafuta Mvua nyingine mpya nibadilishe, nazo hazitafika mapema. Nikisema mbele ya wote, ndiyo nimevunja nyumba. Mchezo si kitu, nitaishi bila mchezo. Ninachoogopa ni ile Jumatatu nitakapoinua kichwa kwenye cherehani nikute kigoda hakina mtu, turudi kwenye shikamoo na marahaba. Sina mama mwingine, wangu alifariki nikiwa sijamaliza shule, na huyu nimempata juzi tu.

Barua hii nimeileta mwenyewe kwa mkono ili iwahi gazeti la Alhamisi. Usiogope, mama hasomi magazeti, anasema alishasoma karatasi za kutosha, na mume wangu hununua kwa ajili ya mpira tu, kurasa nyingine zinakwenda kuwashia jiko.

Ni mimi,
Mshindi Asiye na Raha


SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Nilicheka kabla ya kufika mwisho, unisamehe. Nilichekea hapo ulipoosha vyombo safi. Baadaye sikucheka tena.

Pole kwanza. Kumdhania mtu unayempenda ni mzigo, na umeubeba tangu Jumanne peke yako. Lakini pole ikishapita niruhusu nikuvute sikio, kwa sababu una macho ya kuona kijipengo kisichoonekana, na meza nzima iliyo mbele yako huioni!

Unasema mama mkwe wako anaiba. Haya. Mwizi gani huyo anayeiba mwaka mzima na zaidi, halafu kila Jumamosi anaondoka mikono mitupu? Wewe mwenyewe umeuliza, anaiba ili iweje. Ukauliza swali zuri, ukaliacha hapo hapo ukakimbilia kulia. Ungekaa nalo dakika moja zaidi usingenunua bahasha.

Mimi nilichukua karatasi nikaichora meza yenu. Wewe hapa. Kushoto kwako mama. Kushoto kwa mama, kwa vyovyote ni shemeji yako, kwa sababu mama alihama kutoka karibu na mwanawe mkubwa, na huyo mkubwa lazima awe kulia kwako. Watu wanne, viti vinne, hakuna hesabu nyingine. Sasa fuata kidole changu. Anayekaa kushoto ndiye anayechanga. Karata za mumeo unazichanga wewe. Karata za mama anazichanga kinyozi, ambaye hajui habari ya alama yoyote, angejua mtaa mzima ungeshajua. Na karata zako wewe, Bibi Shamba, anazichanga nani?

Ndiyo. Soma tena polepole. Rundo pekee ambalo kidole gumba cha mama kinapita pembeni mwake ni rundo lako. Alama zile hazimsaidii yeye hata chembe. Anaitafuta Mvua kwenye karata zako, anaipandisha juu, anakuwekea mbele, halafu anatazama nguo zilizoanikwa. Wewe unavuta, unapiga kelele za furaha, yeye anaendelea kushindwa kimya kimya, wiki hadi wiki.

Na usiniambie ni bahati mbaya imetokea. Wiki uliyorudi mezani akahama kiti. Wiki hiyohiyo akatunga sheria ya kuchangiana. Wiki hiyohiyo Mvua ikaingia kwenye mchezo. Eti mwanga wa dirisha! Mwanangu, yule ni karani wa masjala, hafanyi jambo bila mpango. Alikuona ukienda kuosha vyombo safi, akahesabu Jumamosi mbili kiti chako kikiwa kitupu, na hajui kusema "rudi, nimekukosa," hakufundishwa, wengi wa rika lake hawakufundishwa. Akafanya anachokijua. Akaweka alama ili kitu kisipotee tena.

Najua hapa pamekuuma mahali pengine. Ulidhani unashinda kwa kichwa chako. Pole, lakini usianguke chini: Mvua ikinyesha juu ya magugu inaotesha magugu. Shamba ulilijenga wewe, mama aliongeza maji. Kiasi gani ni chako na kiasi gani ni chake utajua Jumamosi, na hilo nalo ni jambo zuri kulijua ukiwa mtu mzima.

Ila sitamsifia mama mpaka nipitilize. Udanganyifu ni udanganyifu hata ukiwa umetiwa upendo ndani yake. Kuna kinyozi pale amepigwa mwaka na nusu, anaitwa mchunguliaji, anafokewa kwa mikono myepesi, kumbe mikono myepesi iko kiti cha pili. Amestahili mchezo wa haki, na mumeo pia, ingawa huyo nadhani hata hajaona tofauti. Kwa hiyo hili linakwisha wiki hii, na utalimaliza wewe kwa namna nitakayokuambia, bila kuongeza chumvi yako.

Kwanza, kinyozi asijue ni nani. Ukimwambia yeye umewaambia vichwa vyote vinavyokaa kwenye kile kiti chake. Mumeo naye mwache na majokofu yake kwa sasa, utamsimulia mkiwa wazee. Na habari ya kutafuta Mvua mpya ifute kabisa. Utupe zile kumi? Umerogwa?

Pili, kesho ni Ijumaa, mama anakuja. Karata zote utakuwa umeshazivalisha isipokuwa zile kumi. Ziweke kwenye kigoda chake pamoja na vifuko kumi. Akifika, msalimie kama kawaida, mwambie, "Mama, hizi naomba univalishie wewe." Basi. Hakuna kumkazia macho, hakuna kuguna, hakuna ule mhemo wa watu wanaotaka kuulizwa wana nini. Rudi kwenye mashine yako ushone, tena ushone kweli, upindo mrefu, mguu ukanyage. Mpe mtu nafasi ya kuona aibu bila kutazamwa. Akisema neno, zima mashine umsikilize. Asiposema, azivalishe akimaliza akuulize vifungo viko wapi, basi mmeshaongea, na hayo ndiyo mazungumzo yake. Unaogopa atafunga mdomo? Mwanangu, mwanamke aliyekatiza mtaa kuja kufumua suruali za watu asiowajua ili tu akae karibu nawe, hatakimbia kwa sababu ya vipande kumi vya karatasi. Atakimbia ukimwaibisha mbele za watu. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Tatu, Jumamosi shemeji atataka kukagua. Mpe kisanduku kizima akague. Akikwambia anataka kuzivua, avue, na akikiona kijipengo sema kweli iliyo fupi: "Mvua zilikuwa na alama, tumezivalisha, sasa hazisikiki." Akiuliza ni nani, mjibu kwamba mkasi ni wako. Si uongo, ni wako. Atakutania mpaka vyumba kumi na viwili vya kisanduku vijae maneno, na wewe utavumilia na kucheka. Mama atakuwa amekaa pale anasikia unavyobeba, na hilo litamwambia mengi ambayo mimi na wewe hatuwezi kuandika. Kisha toa hoja kwamba kwa kuwa karata zimevaa, kila mtu achange zake. Sheria ya kuchangiana imefanya kazi yake, ipumzike. Sheria ya birika ibaki, na ya mshindi kupanga, hiyo naipenda, nitaipeleka kwangu.

Mama asihame kiti. Akijaribu kuhama, mwambie mwanga wa dirisha bado uko hapo.

Na nne, ambalo ndilo gumu. Jumamosi hii utashindwa. Utavuta magugu, utavuta tena magugu, kinyozi atasimama juu ya kiti kwa furaha, na mama atakuwa anakutazama wewe tu, hatatazama nguo wala dirisha, kwa sababu tangu mwanzo jambo lake lilikuwa moja, ubaki mezani. Wewe ulimfundisha kwa kinywa chako kwamba kijipengo kazi yake ni kuonyesha kipande hiki kinakutana wapi na kile. Mwanafunzi alielewa somo kumzidi mwalimu wake.

Kwa hiyo ukishindwa, kaa. Mkabidhi kinyozi karata azipange kwenye kisanduku, mmiminie mama chai, muulize nyongeza ya nne inakuja lini. Vyombo viache kwenye sinki, hata kama ni vichafu.

Shangazi yako